Flashi Mpya Ikigoma: Mjadala wa Ngara na Biharamulo

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10. Ofisi yenye fungu la fedha hununua mashine mpya, mambo yakaisha. Mwenye steshenari pale Nyakanazi, au mwalimu mwenye maabara ya kompyuta zilizokuja kwa msaada, hana njia hiyo. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4 na prosesa ya biti 64 iliyomo kwenye orodha yake. Mashine za zamani zikipimwa kwa masharti hayo hazivuki, ingawa kioo kizima, kibodi nzima, na barua bado inachapika.

Ndipo mfumo unaobebwa kwenye flashi unapopata kazi. Wazo lenyewe lina umri. Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, Linux nzima iliyowaka kutoka kwenye CD bila kugusa diski ya kompyuta. Mwaka 2003 Barry Kauler wa Australia akaanzisha Puppy Linux, ambayo matoleo yake ya mwanzo hayakufika MB 100 na yalijipakia kwenye RAM ili mashine dhaifu iende kasi. Siku hizi flashi imechukua nafasi ya CD. Unachomeka, unawasha, unafanya kazi yako, unachomoa, na kompyuta inabaki kama ulivyoikuta. Kwa steshenari inayopokea flashi za wateja kutwa, zikiwa na vile virusi vya shotikati vinavyoficha mafaili ya watu, hiyo ni nafuu kubwa: kirusi cha Windows hakipati pa kushika.

Shida huja siku toleo jipya linapotoka. La zamani lilikuwa limezoeleka, jipya linasifiwa, linachomwa kwenye flashi, linagoma. Turudi la zamani, au tulitafutie jipya dawa? Nimewaketisha watu wanne kulijadili: fundi wa Ngara mjini, mama mwenye steshenari Nyakanazi, mwalimu wa sekondari Biharamulo, na kijana wa Rulenge aliyemaliza kidato cha sita. Sikuwapa majina, kwa kuwa ni watu unaowakuta katika kila mji wa barabara ile inayotoka Nyakanazi kupitia Lusahunga, Nyakahura na Benaco. Maneno nimewapa mimi. Matatizo wanayoyataja ni ya mashine za kweli. Nina upande wangu pia, na sitauficha.

FUNDI: Nianze mimi, maana lawama zote huishia mezani kwangu. Mtu anashuka kwenye gari kutoka Kabanga, ananiwekea flashi: "Fundi, toleo jipya bovu." Namuuliza, limegomea wapi? Hajui. Anachojua ni kwamba haiwaki. Sasa kutowaka ni magonjwa matatu, na kila moja lina dawa yake. La kwanza, menyu ya kuwashia haitokei kabisa. Hapo toleo halijaanza hata kusomwa, utalilaumuje? Ama kompyuta haijaambiwa ianze na flashi, na kitufe chake ni F12 kwenye mashine hii, F9 au Esc kwenye ile; ama flashi imechomwa kwa mtindo wa UEFI na mashine inajua BIOS ya zamani tu; ama Secure Boot, ulinzi unaokagua kinachowasha kompyuta, imeikatalia mlangoni. La pili, menyu inatokea, maandishi yanashuka, halafu kioo kinakuwa cheusi. Hapo shaka yangu ni kadi ya picha, na mara nyingi nikiongeza neno nomodeset kwenye mstari wa kuwashia, kioo kinarudi. La tatu, inawaka mpaka mwisho, unaona picha na vitufe vyote, ila waifai haipo, au printa haichapi, au kazi yako ya jana haionekani. Hilo la tatu tu ndilo ambalo toleo lenyewe linapaswa kuulizwa la kwanza.

MAMA: Nimekuelewa, Fundi, lakini wewe una nafasi ya kuuliza maswali. Mimi nina foleni. Mtoto anaomba mkopo HESLB na dirisha linakaribia kufungwa; nyuma yake yupo anayejaza maombi kwenye Ajira Portal; nyuma yake mzee anataka barua ya mtendaji ichapwe kabla gari halijaondoka. Toleo la zamani lilinipa karatasi. Nimewekewa jipya, kwenye flashi mpya kabisa, printa inaonekana kwenye orodha, naagiza, inaniambia kazi imekamilika, na karatasi haitoki. Huo ni ugonjwa wa ngapi? Na kwa nini nisirudi nilikotoka?

FUNDI: Printa gani, Mama?

MAMA: LaserJet 1020, ile ndogo. Wewe mwenyewe unayo.

FUNDI: Ninayo, ndiyo maana naijua. Ile printa haitunzi programu yake ya ndani. Kila ikizimwa inasahau, kila ikiwashwa inasubiri kompyuta iipelekee faili dogo ndipo iweze kuchapa. Faili hilo lina masharti ya mtengenezaji wa printa, kwa hiyo mifumo mingi huria haiji nalo. Aliyekuwekea la zamani alilitia kwa mkono, likakaa kwenye faili lako la akiba. Ulipopewa flashi mpya, likabaki kwenye ile ya kwanza. Toleo jipya halijaharibu printa yako. Limeikuta bila chakula chake.

MAMA: Kwangu ni kitu kilekile. Karatasi haitoki.

Kwa mteja ni kitu kilekile kweli, na fundi anayemdharau Mama kwa jibu hilo hajui kazi ya dukani. Ila naomba msomaji aangalie kilichofanyika Nyakanazi siku hiyo. Vitu vitatu vilibadilishwa kwa mpigo: toleo, flashi, na faili la akiba. Printa iliponyamaza, hakukuwa na njia ya kujua kipi kati ya vitatu kimeinyamazisha. Mkononi kulibaki kisingizio kimoja, upya wa toleo, na upya hubeba lawama ya kila kitu. Kama toleo jipya lingewekwa pamoja na nakala ya faili la akiba la zamani, kwa jaribio tu, au toleo la zamani likahamishiwa kwenye flashi mpya, jibu lingepatikana kabla mteja wa kwanza hajakaa kwenye benchi. Hilo ndilo ninalolitetea katika mjadala huu wote: badili kitu kimoja, na usifute njia ya kurudi. Mjini ambako intaneti ni ya waya na duka la vifaa liko mtaa wa pili, anayepuuza hilo anapoteza nusu saa. Nyakanazi anapoteza bando, nauli na wateja.

KIJANA: Shikamooni. Niongeze kwenye hilo la faili la akiba, maana ndilo lililonitesa mimi. Katika Puppy mfumo wenyewe umo kwenye faili moja lililobanwa, mwisho wake sfs, na faili hilo haliandikwi juu yake hata siku moja. Unachobadilisha wewe, yaani nywila ya waifai, programu ulizoongeza, barua zako, kinaingia kwenye faili jingine kando, la akiba. Kwa hiyo kuna jaribio moja ambalo kila mtu anaweza kulifanya bila fundi. Kwenye menyu ya kuwashia unaandika pfix=ram. Mfumo unawaka mtupu, kama siku ya kwanza, bila kugusa akiba yako. Ikiwaka vizuri hivyo, toleo ni zima na ubovu uko kwenye akiba. Ikigoma hata hivyo, basi ni toleo, au flashi, au mashine. Neno moja linakata tatizo vipande viwili.

MWALIMU: Na akiba ikiwa ndiyo mbovu, kijana wangu, unaitupa? Kuna kazi za wanafunzi humo.

KIJANA: Hapana, Madam. Unaanza na pfix=fsck, inaikagua na kujaribu kuirekebisha. Ikishindikana, unawasha mtupu, unaifungua akiba kama unavyofungua flashi ya kawaida, unatoa barua zako, unatengeneza akiba mpya. Kosa ni kuichukua akiba ya toleo la miaka mitatu nyuma, ukaipandisha moja kwa moja kwenye toleo jipya na kutegemea mambo yaende. Humo ndani kuna vipande vya programu za zamani vinavyofunika vipya. Kivinjari kinafunguka na kufunga, sauti inapotea, na hujui kwa nini.

MWALIMU: Hapo nakubaliana nawe, na naomba nieleze kinachoziharibu akiba hizo kwanza. Umeme. Watu wa Ngara na Biharamulo tuliishi na majenereta ya dizeli miaka mingi kabla Gridi ya Taifa haijatufikia, na leo pale Rusumo kuna mitambo ya MW 80 ambayo Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana. Tumesogea sana. Lakini kompyuta ya mezani isiyo na UPS haihitaji giza la usiku kucha. Nukta moja inatosha, kama ilikuwa katikati ya kuandika kwenye flashi. Wanafunzi nao wanachomoa flashi kabla ya kuzima. Nimewaambia: zima, subiri kioo kife, ndipo uchomoe. Na kila Ijumaa akiba ya kila mashine inanakiliwa kwenye diski ya nje. Tangu hapo nimeacha kuogopa toleo jipya, kwa sababu likinishinda ninalo la kurudia.

FUNDI: Madam, umesahau flashi zenyewe. Nusu ya ugomvi wetu na matoleo ni ugomvi na flashi. Imeandikwa GB 64, bei yake inakushangaza, na ndani ina GB 8. Imedanganywa ijitangaze kubwa. Unaweka mfumo, unawaka. Unaendelea kuhifadhi, ukivuka pale ilipoishia kweli, inaandika juu ya vya mwanzo au inavitupa. Wiki ya tatu mfumo umeoza, unasema toleo bovu. Kuna programu ya bure inaitwa F3, inaijaza flashi yote halafu inaisoma tena na kukwambia ukubwa wake wa kweli. Mimi sichomi toleo kwenye flashi isiyopita hapo, hata mteja akasirike.

MAMA: Hilo hukuniambia siku ile.

FUNDI: Sikukuuzia mimi flashi ile, Mama. Lakini kweli, nilipaswa kuipima kabla ya kulaumu printa.

KIJANA: Na nakala. Tusifichane, hapa mtu mmoja anapakua, wengine tunanakili. GB moja ni bando la mtu. Inatoka Biharamulo kwenye flashi, inapita Lusahunga, inafika Rulenge ikiwa imepita mikono mingi. Ikipungua baiti chache njiani huwezi kuona kwa macho, faili lina jina lilelile. Inawaka mpaka nusu, inakufa. Matoleo mengi hutolewa na alama yake ya SHA-256, herufi na tarakimu 64. Hizo 64 zinaingia kwenye SMS moja. Aliyepakua azisome kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe, awatumie wanaonakili. Mwenye nakala aandike sha256sum na jina la faili kwenye kompyuta yake ya Linux na alinganishe. Zikitofautiana, usihangaike na nomodeset wala nini, omba nakala nyingine.

Nimeipenda hoja hiyo ya SMS kuliko zote zilizosemwa mezani, kwa kuwa inatumia kitu ambacho kila mtu anacho. Simu ya tochi inatosha. Na inaondoa tuhuma kati ya watu: hakuna tena kusema fulani kaniharibia, namba zinasema.

Mpaka hapa walikuwa wanasaidiana. Ugomvi wenyewe ulikuja Mwalimu alipozitaja mashine za biti 32.

MWALIMU: Kwenye maabara nina mashine za aina mbili. Zipo za biti 64, na zipo nne kongwe ambazo prosesa yake ni ya biti 32. Linux ya Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ndiyo ya mwisho kuja na kisakinishi cha mashine hizo kongwe. Debian 13, iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025, haina tena keneli ya mashine hizo, yaani kiini cha mfumo, wala kisakinishi. Matoleo mengi ya kubebeka yanayojengwa juu ya Debian 13 yanarithi uamuzi huo. Ukichomeka, mashine inakwambia wazi kwamba keneli hii inataka x86-64 na yenyewe imeona i686. Hapo hakuna dawa ya kutafuta. Sasa Fundi ananiambia nizitupe.

FUNDI: Nasema zistaafu, Madam. Pentium 4 inakula umeme kuliko laptopu mbili na inapasha chumba joto. RAM yake GB moja. Matoleo mapya yamenenepa. Hata ikikubali kuwaka, mfumo ukijipakia kwenye RAM hakibaki cha kufungulia kivinjari. Na ukiniambia utabaki na toleo la zamani, nakuuliza usalama uko wapi? Kivinjari kisichopata marekebisho, ukiweka humo nywila ya mtoto wa watu ya mkopo, umemweka barabarani.

MAMA: Lakini Fundi, si kila kazi ni ya intaneti. Mimi nusu ya wateja wangu ni kuchapa tu na kuprinti. Barua, risala ya harusi, mtihani wa darasa la nne. Mashine kongwe inachapa vilevile.

MWALIMU: Ndiyo hoja yangu, Mama. Ile haiingii intaneti tena. Nimeiwekea BookwormPup32, Puppy ya biti 32 iliyojengwa juu ya Debian 12, na kwenye menyu naandika pfix=nocopy ili isijipakie yote kwenye RAM. Inaanza taratibu, inafanya kazi. Nimeweka Kiwix, wanafunzi wanasoma Wikipedia nzima ya Kiswahili bila bando. Kidato cha pili wanajifunza kuandika kwa vidole vyote kumi. Unataka niwaambie wasubiri mashine mpya ije kutoka wapi?

FUNDI: Na siku mwanafunzi akichomeka modemu?

MWALIMU: Atakuta kivinjari nimekitoa.

Fundi hakuridhika, na hakulazimika kuridhika. Hofu yake ina msingi. Ila katika hili niko na Mwalimu bila kusita. Uamuzi wa kuacha biti 32 ulifanywa na watu wanaojitolea, waliochoka kutunza kitu ambacho kwao kimebaki kwa wachache, na siwalaumu. Lakini toleo kuachwa na watengenezaji wake hakuifanyi mashine iwe takataka siku hiyohiyo. Kunaibadilishia kazi. Anayeipima mashine kwa swali moja, kwamba inakubali toleo jipya au haikubali, atatupa vitu ambavyo watoto wa Biharamulo wanavihitaji kesho asubuhi. Swali lenye faida ni kazi gani mashine hii inaweza kuifanya bila kumhatarisha mtu, na Mwalimu amelijibu kwa vitendo.

Hata hivyo Fundi ana neno jingine zito kuhusu kung'ang'ania la zamani, nalo linawahusu wote.

FUNDI: Mnakumbuka tarehe 30 Septemba 2021? Cheti kimoja kikuu ambacho tovuti nyingi duniani zilikitegemea kupitia Let's Encrypt kiliisha muda wake siku hiyo. Mifumo iliyokuwa imesasishwa ilikuwa na cheti cha kukipokea. Mifumo ya zamani haikuwa nacho. Asubuhi yake watu wenye mifumo hiyo wakakuta tovuti zinawakatalia: muunganisho si salama. Tovuti zilikuwa nzima, mtandao mzima, kompyuta nzima. Orodha ya vyeti ndiyo iliyokuwa imechakaa. Kwa hiyo "la zamani linafanya kazi" ni kweli ya leo tu. Kuna siku litaacha, bila wewe kugusa kitu.

KIJANA: Ila Fundi, ujumbe uleule wa muunganisho usio salama nimeukuta kwenye toleo jipya pia, na haukuwa wa vyeti. Ilikuwa tarehe. Betri ya saa kwenye ubao, ile ya duara CR2032, ilikuwa imekufa. Kila nikichomoa waya wa umeme kompyuta inarudi miaka nyuma. Kivinjari kinatazama cheti, kinaona kinaanza kutumika mwaka ambao kwake bado haujafika, kinakataa. Nilikuwa nataka kurudisha toleo la zamani kwa sababu ya betri.

MAMA: Na saa yangu mimi? Nikitoka Windows nikaingia kwenye flashi, saa inaruka saa tatu. Nikirudi, inaruka tena. Stakabadhi zinatoka na saa ya uongo.

FUNDI: Hiyo ni kwa sababu Windows inaisoma saa ya ubaoni kama saa ya hapa, na Linux nyingi zinaisoma kama saa ya dunia, UTC. Tanzania iko saa tatu mbele ya UTC, ndiyo tatu zako hizo. Unauambia mfumo wa kwenye flashi kwamba saa ya ubaoni ni ya hapa, kwisha. Na ukichagua kanda, usipoiona Dar es Salaam chagua Nairobi, saa yake ni ileile. Ila usichague Kigali wala Bujumbura eti kwa kuwa ni jirani, hao wako nyuma yetu kwa saa moja.

MWALIMU: Watu wa Rusumo na Kabanga wanalijua hilo. Simu ikidaka mnara wa ng'ambo, saa inabadilika yenyewe.

Nalitaja jambo la Secure Boot kwa ufupi, kwa kuwa Fundi alilipitia haraka mno. Tarehe 13 Agosti 2024 marekebisho ya usalama ya Windows yalizifanya kompyuta kadhaa zilizokuwa na Windows na Linux pamoja zikatae kuwasha Linux, na baadhi zikakataa hata flashi. Puppy ilikuwa miongoni mwa zilizotajwa kuathirika. Mwenye flashi hakuwa amegusa flashi yake. Mlinzi wa mlango alikuwa amepewa orodha mpya ya wasioruhusiwa, na vipakizi vya zamani, yaani programu zinazoanza kuupakia mfumo, vilikuwemo. Toleo jipya lenye kipakizi kipya lilipita. Kwa hiyo mara hii aliyeshikilia la zamani ndiye aliyeachwa nje. Wanaodhani la zamani ni salama daima walifikirie tukio hilo.

KIJANA: Mimi nina ombi moja kabla hatujaondoka. Kila tulichokisema hapa nimekisoma kwa Kiingereza cha kubabaisha, usiku, kwa bando la usiku. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Walifanya kazi kubwa. Lakini mtu aliyekwama hasaidiwi na menyu, kwa kuwa menyu hajaifikia. Anahitaji maandishi yanayomwambia: umeona kioo cheusi baada ya maandishi, fanya hivi. Hayo kwa Kiswahili ni machache mno. Tuyaandike.

FUNDI: Ukiyaandika yote, mimi nitakula nini?

KIJANA: Fundi, unaletewa mashine ambazo zingepona nyumbani, na unazirudisha kwa shilingi elfu mbili. Watu wakiyajua haya madogo, watakuletea makubwa.

MAMA: Anasema kweli. Mimi ningejua kuhusu lile faili la printa, ningekulipa uje uniwekee, nisingekulipa unisikilize nikilalamika.

MWALIMU: Na aandike pia waliotengeneza. Wale wa Puppy ni watu wa kujitolea, hawajawahi kuiona mashine ya kwangu. Wasipoambiwa kwamba toleo lao linakata picha kwenye prosesa fulani, watajuaje? Lakini aandike kwa adabu ya kazi: aina ya mashine, prosesa, RAM, toleo gani, limegomea hatua ipi, amejaribu nini. "Haiwaki" si taarifa.

Nilimuuliza Fundi kama yuko tayari kuweka daftari mezani kwake. Ukurasa mmoja kwa kila mashine: jina lake, biti ngapi, RAM kiasi gani, kitufe cha kuwashia kutoka kwenye flashi, neno lililohitajika kwenye mstari wa kuwashia, printa iliyounganishwa, tarehe betri ya saa ilipobadilishwa. Alisema kichwa chake ndicho daftari. Mwalimu akamjibu kwamba akiugua wiki moja, Ngara nzima itakuwa imeugua. Akakubali, kwa sharti kwamba Kijana ndiye atakayeandika, na kwamba mashine za Mama ziwe za kwanza.

MAMA: Sawa. Ila tuelewane. Mashine ya printa inabaki na toleo la zamani mpaka Fundi aje Nyakanazi na faili lile, alijaribu mbele yangu, karatasi itoke. Ile nyingine ya maombi ya intaneti ichukue jipya leo, kwa kuwa nimesikia habari za vyeti. Na flashi yangu ya kwanza mtu asiifute.

FUNDI: Sitaifuta. Nitanakili akiba yake kwanza, halafu nipime hiyo mpya kwa F3.

MAMA: Nauli ya kuja ni yako au yangu?

FUNDI: Tugawane, Mama.